Mchuzi wa Nyama na Mwani kwa Wazee: Pesa Yako Iende Wapi

Ukiwa na shilingi mia tatu na wazee wawili wa kulisha mchana wa leo, tumia mia na kumi na tatu kwa nyama yenyewe, ishirini kwa mboga ya mrenda, na mwani uuache mpaka upate majirani wa kuchangia nao kifurushi. Hilo ndilo jibu. Anayetaka kwenda sokoni sasa hivi aende. Anayetaka kujua kwa nini, aendelee kusoma, kwa sababu katika chungu hiki kuna gharama ambazo hakuna anayekutajia unapolipa.

Kwanza bei. Nyama ya ng'ombe yenye mfupa naihesabu kwa shilingi 600 kilo, steki 750, matumbo 400, ndengu 160, omena kavu 500, yai 17. Gesi ya mtungi wa kilo 6 naiweka 1,200, na mkebe wa makaa 80. Bucha yako ikiwa na bei nyingine, badilisha tarakimu tu. Njia ya kupiga hesabu ni ileile.

Mchuzi wa nyama na mwani si chakula chetu cha asili, lakini si kioja. Korea hupika nyama ya ng'ombe pamoja na mwani, na mama aliyejifungua hulishwa mchuzi huo apate nguvu. Huku kwetu mwani unalimwa Zanzibar tangu 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, na kwa upande wa Kenya unalimwa Kwale: Kibuyuni, Mkwiro, Gazi. Wakulima wengi ni kina mama. Sehemu kubwa huanikwa, hufungwa kwenye magunia na kusafirishwa ng'ambo, ambako hutolewa kile kiungo cha kugandisha vyakula vya viwandani. Kwa hiyo mwani ni bidhaa ya Afrika Mashariki, na ni jambo jema mtu wa mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru, kuuulizia. Swali ni kama unastahili nafasi kwenye sufuria ya mtu mwenye pesa kidogo.

Lakini tuanze na nyama, maana ndiko pesa nyingi zinakokwenda na ndiko watu wanakopunjwa.

Mzee anahitaji protini kuliko kijana, si pungufu. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Nyanya mwenye kilo 55 anahitaji basi gramu 55 hadi 66. Akikosa, misuli huisha taratibu, miguu hulegea, na siku moja anaanguka bafuni. Wazee wetu wengi asubuhi hunywa chai na mkate, mchana hula ugali na sukuma, usiku hurudi kwenye chai. Hapo kiwango hicho hawakifikii.

Sasa, desturi yetu ni hii: mzee akidhoofika, tunamchemshia supu ya mifupa. Vijana wanakula nyama, mzee anapewa mchuzi wa juu, kwa kuwa hana meno. Tunafanya hivyo kwa mapenzi, na ninasema hili kwa uchungu: tunampa maji yenye ladha. Protini ya nyama hubaki kwenye nyama. Kinachoyeyuka kutoka mfupani na kwenye mishipa ni jelatini, protini isiyokamilika, ambayo peke yake haijengi misuli. Kalsiamu inayotoka mfupani nayo ni kidogo mno. Glasi moja ya maziwa huishinda kwa mbali. Mifupa iweke kwa ajili ya ladha, haina ubaya. Ila usilipe mia mbili za mifupa na mia nne za makaa ya kuichemsha siku nzima ukadhani umenunua lishe.

Kama tatizo ni meno, dawa yake ni kuikata nyama ndogondogo au kuisaga, kisha kuipika mpaka iachane yenyewe. Na tatizo la meno Nakuru si dogo. Maji ya visima vingi vya hapa Bonde la Ufa yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na ndiyo maana unaona meno ya kahawia kwa watu waliozaliwa na kukulia hapa.

Ukifika buchani, usiseme "nipe nyama ya mia." Hiyo ndiyo sentensi ghali kuliko zote. Ukinunua kwa shilingi badala ya uzani, hujui umepewa gramu ngapi, na kipande cha mwisho kinachotupwa juu ya mizani ili kutimiza mia yako mara nyingi ni mfupa au mafuta. Sema, "Kaka, nipimie robo, mfupa kando." Simama mahali unapoona mshale wa mizani. Uangalie uko kwenye sifuri kabla ya nyama kuwekwa, na karatasi ya kufungia isiwe tayari imelala juu ya sahani. Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka na maafisa wa vipimo; kuuliza muhuri uko wapi si utovu wa adabu.

Hesabu ya mfupa ni rahisi. Ukinunua kilo ya 600, na robo yake ikawa mfupa, umebaki na gramu 750 za kuliwa. Hiyo ni sawa na shilingi 800 kwa kilo ya nyama tupu, ilhali steki iliyokuwa ikikutisha pale kwenye ndoano ni 750. Kwa mzee asiyeweza kuguguna mfupa, steki ndiyo rahisi. Kwa familia yenye vijana wa kumalizia mifupa, nunua ya mfupa.

Nyama ya kusaga ina faida moja kubwa: haihitaji meno, na inaiva kwa dakika ishirini. Ina hatari moja: ile iliyokwisha kusagwa ikakaa kwenye trei huwezi kujua ndani yake kuna nini. Chagua kipande chako, kipimwe, kisha kisagwe ukiona. Na uwe mwangalifu na nyama nyekundu mno inayong'aa kutwa bila kubadilika rangi. Mnamo 2019 uchunguzi wa televisheni ulionyesha kuwa baadhi ya wauzaji Kenya walikuwa wakipaka nyama kemikali ya salfaiti ili ionekane mbichi. Nyama ya kawaida hugeuka rangi kuelekea hudhurungi kadiri saa zinavyopita. Muhuri wa mkaguzi wa mifugo kwenye mzoga nao uutafute; huku kaunti ya Nakuru, ambako Naivasha ilikuwa na kichinjio cha punda, hofu ya kuuziwa punda kwa jina la ng'ombe imewahi kuwakosesha watu usingizi. Mnunuzi wa Bondeni mwenye bucha ya halali anayoijua, inayochinjiwa mahali panapojulikana, ana kitu cha thamani. Asiihame kwa ajili ya tofauti ya shilingi ishirini.

Watu wengi hukimbilia matumbo wakidhani ni nafuu. Tupige hesabu. Nyama tupu ina kama gramu 20 za protini kwa kila gramu 100. Ukilipa 75 za steki, kila gramu ya protini imekugharimu shilingi 3.75. Matumbo yana kama 13. Ukilipa 40, kila gramu imekugharimu shilingi 3 hivi. Ongeza ndoo ya maji ya kuyaosha na saa ya ziada jikoni, na matumbo yamekuwa ghali kuliko nyama. Miguu ya ng'ombe ni hivyohivyo, na moto wake ni mrefu zaidi. Kama mzee anayapenda, mpikie kwa kuwa anayapenda. Kwa kuokoa pesa, hapana.

Anayeokoa pesa aangalie huku: ndengu, ambazo kila gramu ya protini haifiki hata shilingi moja, omena, shilingi moja hivi, mayai, karibu shilingi tatu, lakini hayana taka, hayataki meno na yanaiva kwa dakika chache. Omena zina msimu. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wake hufungwa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na bei hupanda. Nunua gorogoro mwezi wa Machi, uchambue mchanga, uanike tena juani, usage. Vijiko viwili vya unga wa omena kwenye mchuzi wa mzee havionekani wala havihitaji kutafunwa, na kwa kuwa mfupa wake mdogo umesagwa pamoja nao, hapo kalsiamu ipo kweli.

Ini nalo usilisahau. Kipande cha gramu 100 mara moja kwa wiki, kikipondwa ndani ya mchuzi, kinaleta madini ya chuma na vitamini B12 nyingi kuliko nyama yoyote. Mara moja inatosha. Vitamini A iliyomo ni nyingi, na ikizidi hudhuru.

Turudi kwa mwani.

Nakuru mwani unakufikia kwa sura tatu. Ya kwanza ni mwani mkavu mzima kutoka Kwale au Zanzibar, unaoagizwa kwa simu na kuletwa kwa basi. Ya pili ni zile karatasi nyeusi nyembamba kutoka Asia, zinazouzwa kwenye duka kubwa au kuagizwa Nairobi. Ya tatu ni unga, ndani ya kopo au vidonge, unaouzwa na mtu anayekuambia utaondoa presha, sukari, maumivu ya viungo na usahaulifu.

Unga wa kopo usinunue. Gharama yake iliyofichika ni kwamba huwezi kujua ni mwani wa aina gani, na hilo si jambo dogo. Baadhi ya mwani wa bahari za baridi, ule mpana wa kahawia, una iodini nyingi kiasi kwamba gramu moja tu inaweza kupita mahitaji ya siku nyingi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mzee mwenye matatizo ya tezi ya shingo akizidishiwa, moyo unaanza kwenda mbio au tezi inalala. Kuna aina nyingine nyeusi ya Japani, hijiki, ambayo mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwaonya watu waache kuila mwaka 2004 kwa sababu ya aseniki. Ikiwa muuzaji hawezi kukutajia aina ya mwani na ulikolimwa, pesa yako ibaki mfukoni.

Halafu kuna unga wa kijani wa spirulina, ambao kwa Nakuru una mvuto wake, maana ndugu yake ndiye chakula cha flamingo wa ziwa letu. Kwenye kopo imeandikwa kuwa zaidi ya nusu yake ni protini, na ni kweli. Lakini kijiko cha chai kina gramu 3 za unga, kwa hiyo umepata protini kama gramu 2 hivi. Yai moja la shilingi 17 lina 6. B12 inayosifiwa humo kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Na kwa yeyote anayewaza kuchota ile rangi ya kijani ziwani: usithubutu. Ziwa hupokea maji machafu ya mji, na watafiti wamekuta humo sumu zinazotokana na viumbe hivyohivyo vya kijani, sumu zilizohusishwa na vifo vya flamingo.

Karatasi nyeusi ni salama zaidi, ila pakiti yake ni nyepesi mno. Unalipia karatasi kumi zinazoyeyuka kwenye chungu kimoja, na unalipia safari ya kutoka ng'ambo.

Uliobaki ni mwani mzima wa Kwale, na huo naupenda. Ukiuloweka na kuuchemsha polepole, unalegea, unayeyuka nusu, na mchuzi unakuwa mzito na laini bila unga wala mafuta. Kwa mzee anayepaliwa na mchuzi mwepesi, uzito huo ni msaada wa kweli, kwa sababu kilicho kizito kinateremka kooni polepole na kumpa nafasi ya kumeza. Lakini hapo ndipo kazi yake kubwa ilipo. Protini yake ni kidogo. Usiuhesabu kama nyama.

Muulize muuzaji bei mbili: ya mwani, na ya mwani ukiwa mlangoni kwako. Tuseme gramu 100 anakuuzia 300, na kifurushi kutoka Kwale kinakugharimu 300 nyingine pamoja na ada ya kutuma pesa. Chungu kimoja kinatoshwa na gramu 10. Basi kila chungu kimekula shilingi 60 za mwani, sawa na gramu 80 za steki. Mkiwa majirani wanne, mkaagiza gramu 400 kwa kifurushi kimoja, gharama inashuka hadi kama 38 kwa chungu. Hapo inaanza kuzungumzika. Uulizie pia kama mwani umeanikwa juu ya jukwaa au chini mchangani. Wa mchangani unakuja na mchanga unaolipia kwa kilo, na utahitaji kuuosha maji matatu manne kabla haujaacha kukwaruza. Chumvi ya bahari nayo iko humo, kwa hiyo usiongeze chumvi nyingine mpaka uonje.

Iodini ndiyo sifa inayotajwa sana kuhusu mwani, lakini mtu wa Nakuru anaipata tayari kwenye pakiti ya chumvi. Sheria ya Kenya imelazimisha chumvi ya kula iwekwe iodini tangu 1978, kwa sababu rovu, ule uvimbe wa shingoni, ulikuwa umewasumbua watu wengi wa nyanda za juu. Chumvi isiyofika kijiko kimoja cha chai kwa siku, ambayo ndiyo kiwango cha juu kwa mtu yeyote na hasa mwenye presha, inakaribia kumaliza hitaji lake. Ifunike vizuri, na uitie mwisho wa kupika.

Na ule ulaini? Upo kwa mama mboga, kwa shilingi ishirini, na jina lake ni mrenda. Ukikatwa mwembamba na kutiwa kwenye mchuzi unaochemka, baada ya dakika tano mwiko unaanza kuvuta nyuzi, na kila kitu kinateleza pamoja. Waluhya na Wajaluo wa mtaani wanalijua hili tangu utotoni, waulize. Mrenda una kalsiamu, chuma na vitamini ambazo mwani mkavu wa Kwale hauzifikii kwa kijiko tunachotumia. Ukiuchanganya na kunde au terere, ladha yake inatulia kwa asiyeuzoea. Msimu wa ukame fungu hupungua ukubwa huku bei ikibaki ileile, na hapo mwani uliohifadhiwa kabatini unapata kazi yake, maana ukiwa mkavu na umefungwa vizuri unakaa miezi mingi.

Kitu kimoja tu: mrenda usiutie magadi. Najua ndivyo wengi wanavyofundishwa, na najua wengine huyatia kwenye nyama ngumu pia. Magadi yana sodiamu ya kumpandisha mzee presha, yana floridi juu ya ile iliyomo tayari kwenye maji yetu, na yanaua vitamini B1. Tena kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floridi inabaki na kuzidi ukali. Kwa chungu cha mzee tumia maji ya mvua ukiwa nayo, au yaliyopita kwenye chujio la mifupa iliyochomwa, kama machujio yaliyosambazwa huku na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru.

Sasa moto, na hapa naomba usikilize kwa makini, maana hapa ndipo watu wa kipato kidogo wanapopoteza zaidi.

Nyama ya ng'ombe mzee, iive mpaka iachane, inataka saa mbili. Kwa jiko la makaa utamaliza mkebe, shilingi 80. Kwa gesi ya moto mdogo utatumia kama robo kilo, shilingi 50. Ukinunua nyama ya mia na hamsini, moto wa makaa peke yake umeongeza zaidi ya nusu ya bei yake. Anayepima makaa kwa mkebe hulipa zaidi kuliko anayenunua gunia, na anayebadilisha mtungi wa gesi hulipia pia boda ya kuuleta nyumbani. Mtungi nao upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, na ukiutoa kwenye jumla unapata gesi uliyonunua.

Kifaa kinachorudisha pesa haraka ni kikapu cha kupikia bila moto: kikapu kirefu kilichojazwa ndani godoro la sponji au vitambaa, na mto wa kufunikia. Unachemsha kwa nguvu dakika 25, unaingiza sufuria na mfuniko wake, unafunga, na joto lililomo linamalizia kazi kwa saa tatu. Gesi iliyotumika ni ya shilingi 15. Ukinunua kikapu kwa 1,500, kinaokoa 35 kila unapopika. Kwa mapishi mawili kwa wiki, kimejilipia ndani ya miezi mitano. Ukikishona mwenyewe kwa blanketi kuukuu, kimejilipia wiki ya kwanza. Masharti yake ni mawili. Sufuria ijae angalau theluthi mbili, maana chungu kilichojaa nusu hupoa haraka. Na chakula kisilale humo usiku kucha. Kikifunguliwa kichemshwe tena kabla ya kuliwa, kwa sababu tumbo la mzee halina mzaha na nyama iliyopoa taratibu.

Presha kuka ya kuweka juu ya gesi, ya 3,500 hivi, ni nzuri kama unapika maharagwe kila wiki. Kabla ya kulipa, uliza kama ule mpira wa mfuniko unapatikana mjini na ni bei gani; ukikatika na haupatikani, umebaki na sufuria nzito. Ya umeme, ya shilingi 8,000, inatumia kama nusu yuniti kwa chungu, karibu shilingi 15. Akiba yake ni sawa na ya kikapu, lakini itakuchukua zaidi ya miaka miwili kurudisha pesa kama unaitumia kwa mchuzi wa mzee tu. Inafaa nyumba ya watu wengi inayopika kila siku, na ambayo tokeni haikatiki katikati ya mwezi.

Basi chungu chenyewe, cha wazee wawili, nimekipangia hivi. Nyama tupu gramu 150, shilingi 113. Ndengu gramu 150 zilizolowekwa, 24. Mrenda na kunde, 40. Nyanya, kitunguu, karoti na mafuta, 50. Moto wa kikapu, 15. Jumla ni 242. Kila mzee amepata protini kama gramu 33, nusu ya hitaji la siku. Ukipandisha nyama hadi robo kilo na kushusha ndengu hadi gramu 100, unafika 309 na protini gramu 37. Shilingi sitini na saba kwa gramu nne kila mmoja: mimi nazitumia kununua mayai.

Kaanga kitunguu na nyama iliyokatwa saizi ya ukucha mpaka ipate rangi, tia nyanya, ndengu, karoti na maji, kisha kikapuni. Mboga za majani zinaingia mwishoni, wakati wa kuchemsha tena. Kama una mwani, uloweke tangu asubuhi, uoshe, ukate, utie pamoja na ndengu, na upunguze mrenda. Kamulia ndimu mezani, maana inausaidia mwili kuchukua chuma cha mboga, na chai isubiri saa moja, kwa kuwa inafanya kinyume.

Yuko mzee asiyefaa kupewa chungu hiki kabla ya kumwuliza daktari au mfamasia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani. Mwenye figo dhaifu ana mipaka ya protini na potasiamu. Mwenye jongo apunguziwe ini na omena. Mwenye dawa za tezi ya shingo asipewe mwani hata kidogo bila ruhusa. Kuuliza kwenye kliniki anakochukulia dawa zake hakuongezi gharama yoyote.

Mwisho ni mfuko wa mwezi. Fedha za Inua Jamii kwa mzee wa miaka 70 na zaidi ni shilingi 2,000 kwa mwezi, sawa na 66 kwa siku. Chungu hiki mara mbili kwa wiki kinamgharimu mzee mmoja kama 1,050, zaidi kidogo ya nusu ya fedha hizo, na bado hajanunua unga wala sabuni. Kwa hiyo nyama iwe siku mbili, mayai mawili siku mbili, omena siku tatu. Ini liingie badala ya nyama mara moja. Na kwa kuwa pesa hizo huweza kuchelewa na kuja za miezi miwili kwa pamoja, siku zinapoingia nunua kwanza vitu visivyooza: ndengu kilo tatu, omena gorogoro, chumvi, mafuta na gesi. Nyama inunuliwe robo kwa robo, siku ya kupika, mfupa ukiwa kando.